Mchezo wa Mpakani

Kila Alhamisi alasiri Enid alishika mwiko wa ugali kama bastola. Masika na mdogo wake Bright walijipanga foleni mbele ya mlango wa jikoni, naye akawaelekezea mwiko kwenye paji la uso, amekunja sura kama watu wa afya wa pale mpakani Mpondwe.

"Wewe! Unatoka wapi?"

"Kasindi, afande. Nilienda kumsalimia bibi," Masika alijibu.

"Uko na homa?"

"Hapana, afande."

"Umemeza dawa yoyote leo?"

"Sijameza kitu. Nimekula ndizi tu."

Hiyo ndizi Masika aliiongeza mwenyewe, na siku ya kwanza Enid aliicheka mpaka machozi yakamtoka. Mtoto wa miaka kumi na moja! Macho hayakuhangaika, sauti haikupanda wala kushuka. Bright wa miaka minne alipofikiwa alipiga kelele tu, "Sina homa, afande, nina njaa!" na nyumba nzima ikacheka.

Mchezo huo ulianza mwezi uliopita, watoto walipofunga shule. Upande wa Kongo kulikuwa na ule ugonjwa wa kutoka damu, na kila aliyerudi Uganda alipimwa joto kabla ya kupita. Siku moja Enid alikuwa ameuza chumvi yake ya Katwe pale Kasindi, amefunga mizigo, ndipo Masika akashikwa na homa. Enid alijua ni malaria ileile inayomsumbua mtoto huyo kila mvua zikianza. Lakini alikuwa ameliona hema jeupe la kutengea wagonjwa pale mpakani. Aliyekutwa na mwili wa moto aliingizwa humo, na mama yake akabaki nje ya kamba. Akanunua panado, akampa Masika vidonge viwili, akalowesha kitenge kwa maji baridi na kumkanda nacho kichwani. Wakati anamkanda alimfundisha maneno ya kusema. Wakapita. Upande huu wa Bwera akamnunulia soda nzima, asigawane na mtu, akamwambia, "Leo umekuwa mtu mzima."

Kesho yake alimpeleka kutibiwa, malaria ikaisha. Nani aliumia? Hakuna. Tangu hapo wakafanya mchezo, ili watoto wasiiogope ile bastola ya kupima joto.

Alhamisi hii Bright hakutaka kucheza. Alikuwa amekaa juu ya gunia la chumvi, kichwa kimeegemea ukuta.

"Na huyu afande mdogo ana nini?"

"Amechoka tu, mama," Masika alisema. "Tulikimbizana na kuku wa mzee Kosmasi."

Enid akaweka mwiko chini na kumgusa mtoto paji la uso. Lilikuwa baridi, tena lina majimaji.

"Umemuogesha?"

"Ndiyo, mama. Sasa hivi."

"Mtoto mzuri."

Akaangalia ukutani. Pale ilining'inia kalenda ya mwaka jana, imegeuzwa mgongo, na juu yake Enid alikuwa ameandika kazi za kila mtoto kwa kila siku. Masika: kuteka maji, kuosha vyombo, kumwangalia Bright. Bright: kuoga, kula, kulala. Kazi iliyokwisha iliwekwa alama ya mkaa. Alama za wiki hiyo zilikuwa zimejaa, hakuna hata nafasi moja iliyorukwa.

Enid aliishia darasa la sita, lakini kwa malezi watu walimsikiliza. Katika semina ya Umoja wa Akina Mama, mwalimu kutoka Kasese aliwaambia kwamba mtoto mkubwa apewe kazi, asizoee kukimbilia mama kwa kila kitu. Enid alilibeba neno hilo mpaka nyumbani na kulifupisha kwa namna yake. "Masika, usiniletee matatizo. Niletee majibu." Na Masika alimletea majibu. Wanawake wa mtaa walimwangalia mtoto huyo kisha wakawaangalia wa kwao, na wiki hiyohiyo mwenyekiti wao, Mama Sophie, alikuwa amekuja kumwomba Enid asimame kanisani Jumapili awafundishe wenzake jinsi ya kulea mtoto mwenye adabu.

"Useme tu unavyofanya nyumbani," Mama Sophie alimwambia. "Usiogope. Hawa wetu wametushinda."

Enid alikuwa ameshaandika karatasi moja, mbele na nyuma.

*

Ijumaa asubuhi alivuka peke yake. Masika alisema ni bora abaki na Bright, maana bado amechoka. Enid alimkuta Bright amelala, akamgusa tena. Baridi. Akajitwisha chumvi yake akaondoka.

Pale sokoni Kasindi alikaa alipozoea, kando ya Yvette, mwanamke wa Butembo aliyeuza mawese.

"Mama Masika, batoto beko wapi leo?"

"Wamebaki. Masika anamwangalia mdogo wake."

"Ule mutoto wako ni mama kamili! Wa kwangu, ukimuachia sufuria, unarudia unakuta sufuria inaungua, yeye iko kwa jirani anaangalia televizio." Yvette alipiga makofi. "Njo unifundishe siri yako."

"Jumapili ninafundisha. Uje kanisani kwetu."

"Miye mukatolika, mama. Nitaingia na mulango ya nyuma, nisikilize, nitoke mbio."

Wakacheka. Ilikuwa bado saa nne, na nusu ya chumvi imekwisha. Siku nzuri. Ndipo simu ikalia, na lilikuwa jina la mzee Kosmasi, fundi cherehani wa nyumba ya pili.

"Mama Masika, uko wapi?"

"Kasindi, mzee. Kuna nini?"

"Rudi."

"Kuna nini?"

"Bright ameanguka. Mwili wote unatetemeka, macho yamegeuka juu. Nimembeba, tuko njiani kwenda kituo cha afya. Rudi, mama, usiulize."

Enid alisimama na chumvi ikamwagika miguuni. Yvette aliona uso wake tu, akamsukuma begani. "Enda! Chumvi nitauza miye. Enda, bwana, unangoja nini?"

*

Alikimbia. Viatu vilimponyoka, akavishika mkononi. Jua lilikuwa limeshapanda, na njia ya kwenda mpakani ilijaa magunia, mikokoteni, mbuzi na watu waliobeba magodoro vichwani. Alipofika kwenye foleni alipita mbele ya watu kumi na tano, wakamzomea.

"Mama, wewe ni bibi harusi? Rudi nyuma!"

"Mtoto wangu, jamani. Mtoto wangu."

Wakampisha, wengine wakinung'unika. Mwanamume mwenye glavu akamwelekezea kile kipimo kwenye paji la uso. Kikalia. Akakitazama, akampima tena.

"Thelathini na nane nukta mbili. Mama, sogea kando."

"Nimekimbia, afande! Jua lote hili, nimekimbia tangu sokoni."

"Uko na homa?"

"Hapana."

"Umemeza dawa yoyote leo?"

"Sijameza kitu," Enid alisema, na palepale akasikia sauti ya Masika ndani ya sauti yake mwenyewe. Ilibaki kidogo tu aseme kuhusu ndizi.

"Kaa pale kivulini, mwili upoe. Dakika ishirini, tutakupima tena."

"Mtoto wangu anakufa! Yuko kituoni hapo juu, hata kilomita mbili hazifiki!"

Yule mtu hakumkaripia, na hilo ndilo lilimuuma zaidi. "Mama, leo asubuhi mmoja ameniambia mtoto wake anakufa. Mwingine mume wake. Wote walikuwa wanawahi gari. Sasa mimi nitajuaje?"

Kulikuwa na tangi la maji ya kunawa mikono karibu na benchi. Enid akalinyooshea mkono.

"Na usijimwagie maji kichwani," yule mtu alisema bila kugeuka. "Hiyo tunaijua."

Watu waliokaa kwenye benchi wakacheka. Mmoja akasema, "Huyu ni wa kila soko, anajua njia zote." Enid akaketi katikati yao, miguu imejaa vumbi, viatu mapajani. Mbele yake palikuwa na lile hema jeupe, mlango wake ukipigwapigwa na upepo. Alipiga simu ya Kosmasi, haikupokelewa. Akapiga tena. Alijaribu kupumua polepole ili mwili upoe, lakini kila alipokumbuka macho yaliyogeuka juu, moyo ulikimbia upya. Aliomba Mungu. Alihesabu magunia yaliyopita. Alikuwa hajawahi kuwa mkweli pale mpakani kama siku hiyo, na ilikuwa haimsaidii hata kidogo.

Mara ya pili kipimo kilionyesha thelathini na saba. "Nenda, mama," yule mtu alisema. "Pole. Mungu amsaidie mtoto." Enid alikuwa ameshapanda boda.

*

Kituo cha afya kilikuwa kimejaa akina mama na watoto wa chanjo. Bright alikuwa kitandani, mrija wa maji umefungwa mkononi, midomo imekauka. Degedege lilikuwa limekatika, lakini hakufungua macho. Mzee Kosmasi alisimama pembeni, futi ya kupimia nguo bado iko shingoni. Masika alikuwa mguuni pa kitanda, wima, mikono nyuma.

Muuguzi alikuwa Jamidah, mwanamke wa Kasese mwenye mtandio wa kijani, asiye na maneno mengi; wagonjwa wote walimwita musawo, daktari.

"Wewe ndiye mama? Damu imeonyesha malaria, na ni kali. Hiyo tumeanza kuitibu. Lakini mtoto huyu anatapika, na tumbo likiguswa upande huu wa ini anakunja uso ingawa amezimia. Nataka kujua amepewa dawa gani huko nyumbani. Vidonge vingapi, na tangu lini."

"Hakupewa dawa, musawo. Hakuwa na homa. Jana nimemgusa, leo asubuhi nimemgusa."

"Malaria ya namna hii haianzi leo." Jamidah akamgeukia Masika. "Wewe ndiye unabaki naye? Homa imeanza lini?"

"Leo asubuhi," Masika alisema.

"Amemeza dawa yoyote?"

"Hajameza kitu. Amekula ndizi tu."

Macho hayakuhangaika. Sauti haikupanda wala kushuka. Jamidah aliandika kwenye karatasi yake, na alikuwa anageuka kwenda kabatini Enid alipomshika mkono.

"Musawo, ngoja. Usiandike."

"Kwa nini?"

Enid alijua. Ile ndizi. Ile ndizi aliyoichekea mpaka machozi. Akapiga magoti mbele ya Masika, pale chini kwenye sakafu ya saruji, mbele ya wanawake wote wenye watoto wa chanjo. Wawili kati yao walikuwa wa kanisani kwake, na mmoja wao alikuwa Mama Sophie mwenyewe, amempakata mjukuu.

"Masika. Mwambie musawo. Umempa nini mdogo wako?"

Masika alimwangalia mama yake usoni kama mtu anayesoma maandishi ya ubaoni. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida, maana hakuona sababu ya kunong'ona:

"Mama, nijibu kama nyumbani au kama mpakani?"

Wanawake wa chanjo wakawainamia watoto wao. Hata Kosmasi aliinamisha kichwa, akaanza kuikunja futi yake.

"Mpakani kuna nini?" Jamidah aliuliza.

Enid angeweza kusema hakuna kitu. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini Bright alikoroma kidogo pale kitandani, na ile sauti ikalimeza neno.

"Nilimfundisha kudanganya, musawo. Nilimpa panado nikamlowesha kichwa, apite kwenye kipimo. Nikamwambia akiulizwa aseme hajameza kitu." Akamgeukia mtoto. "Mimi ndiye niliyekosea, si wewe. Sitakupiga. Sema yote."

Masika akatoa mikono mgongoni na kuanza kuhesabu kwa vidole. Jumanne jioni, mama aliporudi kutoka sokoni, Bright alikuwa na moto. Masika alimpa kidonge kimoja, akamkanda kwa kitambaa. Jumatano kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni. Alhamisi vilevile, na usiku kimoja tena. Leo, mama alipokuwa anapika chai, viwili.

"Viwili?" Jamidah alisema. "Vya wakubwa? Mtoto huyu ana kilo ngapi?"

"Wakati ule mama alinipa viwili," Masika alisema. "Na moto ulikuwa mwingi."

"Na kwa nini hukuniambia?" Enid aliuliza.

"Ungekosa soko, mama. Na nilikuwa na jibu."

Jamidah hakusubiri kusikia zaidi. Alikuwa ameshatoka mlangoni akiita gari la wagonjwa. "Panado ikizidi inaua ini, na hapa hatuna dawa ya kuliokoa," alisema aliporudi. "Wapo nayo hospitali kubwa. Mshike mtoto vizuri, tunakwenda sasa hivi. Kama ningemwongezea panado ya homa, na ndiyo niliyokuwa naenda kuchukua, tungekuwa tunazungumza mengine."

Wanawake wa chanjo walisogeza miguu Enid apite, na hakuna aliyemwangalia machoni.

*

Bright alifungua macho Jumamosi mchana, akaomba chapati. Daktari alisema ini limeshtuka lakini litapona, na kwamba kama wangechelewa siku moja zaidi asingekuwa na la kuahidi. Nobert, baba yao, alifika kutoka kazini kwake Mweya, bado amevaa sare ya kuhudumia watalii. Alimbusu mtoto, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akamwambia mkewe taratibu:

"Kila nikipiga simu, Masika ananiambia hapa wote wazima. Kila siku. Sasa ninajiuliza ni siku ngapi mlikuwa wazima kweli."

Enid alivuta shuka, akamfunika Bright miguu.

Jioni Mama Sophie alikuja na papai na maziwa. Aliuliza hali ya mtoto, akaomba sala ndefu, akakaa. Alipoinuka kuondoka alizungusha mkoba wake mara mbili mkononi.

"Na ile ya kesho, Mama Masika. Tumeona upumzike. Atasimama mtu mwingine."

"Nani?"

"Tutatafuta."

Mlangoni Mama Sophie aligeuka. Hakuwa mwanamke mbaya. "Lakini niambie," aliuliza kwa sauti ya chini, "yule wangu mkubwa, akiniambia hapa ndiyo, hapa hapana, nitajuaje lipi la kweli?" Enid akatikisa kichwa. Ile karatasi yake, mbele na nyuma, ilikuwa bado kwenye mkoba. Baadaye alifungia ndani yake mbegu za papai.

*

Wiki iliyofuata walikuwa nyumbani. Ile kalenda ukutani Enid aliitoa. Mwiko ulirudi kwenye ugali. Alimwambia Masika mara tatu kwamba kuanzia sasa kila kitu ni cha kusema, kikiwa kibaya ni cha kusema haraka zaidi, na mara zote tatu Masika alijibu, "Ndiyo, mama," kwa sauti ileile, isiyopanda wala kushuka.

Ijumaa asubuhi chumvi ilikuwa imefungwa mlangoni. Boda alikuwa amekwisha kupiga honi mara moja. Bright alikuwa uani anamrushia mzee Kosmasi vifungo vilivyookotwa chini ya cherehani, na mzee anajifanya kukasirika. Enid alimwita Masika amuage, akamwekea kiganja kwenye paji la uso, kama anavyofanya sasa kila asubuhi na kila jioni.

Lilikuwa baridi. Na lilikuwa limelowa.

"Umefanya nini?"

"Nimenawa uso, mama."

"Unajisikiaje?"

"Vizuri."

Enid akayaangalia macho ya mtoto wake. Yalikuwa meupe, safi, yametulia. Huenda alikuwa amenawa uso tu, kama watoto wote wanavyonawa asubuhi. Boda akapiga honi tena.

"Mama Masika! Soko linajaa! Twende!"

"Nenda," Enid alimpigia kelele. "Chukua mtu mwingine."

"Na chumvi?"

"Nimesema nenda."

Pikipiki ikaondoka. Enid akaketi juu ya gunia, akamvuta Masika akamkalisha kando yake na kumshika mkono. Mtoto alimwangalia kwa mshangao. Jua lilikuwa linaingia taratibu kwenye kizingiti. Wakakaa hivyo, Enid akingoja paji likauke ili amguse tena.